Usionyeshe filamu nzima darasani

Walimu wengi wa fasihi huiweka filamu mwishoni, kama zawadi: riwaya imekwisha, wanafunzi wamechoka, basi na watazame. Zinapita saa mbili, nusu ya darasa inasinzia, na kesho yake hakuna la kujadili. Mimi huonyesha dakika chache tu, na mara nyingi kabla kitabu hakijafika katikati.

Chukua Frankenstein ya Mary Shelley. Hata asiyewahi kuigusa riwaya hiyo ya 1818 anamjua yule kiumbe: kichwa bapa juu, vyuma shingoni, hasemi, ananguruma tu. Huyo ni wa filamu ya James Whale ya 1931. Kumwambia mwanafunzi amsahau ni kazi bure, kwa hiyo naanza naye. Nikishamwonyesha, tunafungua kurasa ambazo kiumbe anajisimulia mwenyewe: alivyojificha kwenye kibanda, akawachungulia jirani zake kupitia ufa mpaka akajifunza lugha yao, kisha akasoma Paradise Lost, utenzi wa Milton. Anazungumza kwa ufasaha kuliko darasa zima, mwalimu akiwemo.

Hapo nauliza: kwa nini anaua? Filamu ina jibu jepesi. Msaidizi wa mwanasayansi anayemuumba kiumbe alitumwa kuiba ubongo, akauangusha ule mzima, akabeba wa mhalifu. Shelley hakuandika hivyo. Kiumbe wake anatafuta watu wa kuishi nao, anafukuzwa kila mlango, na wa kwanza kumkimbia ni yuleyule aliyemuumba. Je, uovu mtu anazaliwa nao au anatiwa na wanaomzunguka? Nimewahi kuona kipindi kizima kikiisha kwa ubishi huo, na neno "dhamira" halijaandikwa ubaoni. (Kwa wasahihishaji wenzangu: anayemwita mwanasayansi Henry ametazama filamu tu. Kitabuni ni Victor.)

Kwa tamthilia napenda kipande cha jambia katika Macbeth ya Shakespeare, pale Macbeth, akielekea kumuua mfalme, anapoona jambia mbele yake. Shakespeare anatupa maneno ya Macbeth peke yake. Kama jambia lipo au ni homa ya kichwa chake, hatuambiwi. Roman Polanski, mwaka 1971, alilionyesha likielea hewani. Joel Coen, mwaka 2021, alifanya kinachong'aa gizani kiwe kishikio cha mlango. Navionyesha vipande hivyo kimoja baada ya kingine, kisha nauliza ni mwongozaji yupi aliyeisoma tamthilia vizuri zaidi. Wanafunzi wanaoogopa kumpinga Shakespeare hawaogopi hata kidogo kumpinga mwongozaji wa filamu, na ili wampinge inawabidi warudi kwenye mistari.

Swali la "kipi bora, kitabu au filamu?" liache. Wanafunzi wanajua jibu unalotaka kusikia na watakuandikia hilohilo. Uliza kilichokatwa ni kipi, na kukatwa kwake kumembadilisha nani.

Throne of Blood, filamu ya Akira Kurosawa ya 1957 iliyotokana na Macbeth, nawawekea waliokwisha kuifahamu Macbeth. Kisa kimehamia Japani ya masamurai, mistari ya Shakespeare haimo, na shujaa anauawa kwa mishale ya askari wake mwenyewe. Anayeanza akiiona hiyo atachanganyikiwa. Anayesoma kwa shida, kinyume chake, muwekee filamu iliyo karibu na kitabu, aone mwanzo wake kabla ya kusoma, apate kujua nani ni nani. Wako watakaosema huko ni kudanganya. Mimi naona afadhali aingie kitabuni akiwa na sura za watu kichwani kuliko kukwama ukurasa wa tatu.

Kipande kikiwa kifupi, kirudie. Mara ya pili zima sauti, mwanafunzi mmoja asome maandishi huku picha zikienda. Mara nyingi picha zitakwisha msomaji bado ana mistari mingi mbele yake, na wenzake wataanza kuhoji wenyewe ni ipi iliyorukwa na kwa nini.