Maswali ya Wasomaji: Mbona watu wa mkanda wangu ni wembamba?

Swali. Yaya, jambo sana. Mjomba aliniachia projekta ya milimita 16 na mikanda yake ya filamu. Nilipourusha mmoja ukutani, watu wote walikuwa wembamba na warefu kupita kiasi, hata gurudumu la gari lilionekana kama yai lililosimamishwa. Katika sanduku lilelile kuna lenzi nyingine nzito, imeandikwa 2x. Je, mkanda umeharibika?
*Msomaji, Katuba, Lubumbashi*

Jibu. Mdogo wangu, mkanda wako ni mzima, na mjomba alijua alichokuwa anakuwekea. Hiyo ni nakala ya skopu. Picha yake pana ilibanwa kutoka kulia na kushoto hadi ikaenea ndani ya fremu ya kawaida, na kimo chake hakikuguswa. Lenzi ile nzito, tunaiita ya anamofiki, ndiyo inayoifungua tena. Vioo vyake vimepindwa kwa upande mmoja tu, kwa hiyo vinatanua upana na kuacha kimo kilivyo. Ufundi huo aliubuni Henri Chrétien, Mfaransa mtaalamu wa nyota, katika miaka ya 1920. Mwaka 1953 Twentieth Century-Fox ya Marekani ikauingiza kwenye majumba ya sinema kwa jina la CinemaScope, kisha ukashuka hadi kwenye mikanda midogo ya milimita 16 na ya Super 8, yaani ile ya milimita 8 ya kupigia filamu za nyumbani.

Fremu ya mkanda wa milimita 16 ina upana wa 1.33 kwa kimo cha 1. Ukizidisha upana kwa mbili, ndiyo maana ya 2x, unapata 2.66. Yaani picha iliyokuwa na upana wa mita 1.20 na kimo cha sentimita 90 itakuwa na upana wa mita 2.40, kimo kikiwa kilekile. Ukiwa na lenzi ya kawaida ya milimita 50 kwenye projekta, utahitaji kama mita 6 hivi hadi kwenye shuka unayorushia picha, na lupango (nyua) nyingi za kwetu zina nafasi hiyo. Ila mwanga uleule wa balbu sasa unatandazwa kwenye eneo maradufu, kila sehemu inapata nusu. Zima taa ya barazani, mwombe na jirani azime yake, na shuka iwe nyeupe kweli. Picha ikibaki hafifu, sogeza projekta karibu na uridhike na picha ndogo zaidi.

Kazi yenyewe iko kwenye kuifunga lenzi, na hapo ndipo naona wengi wanakata tamaa mapema.

Isimamishe mbele ya lenzi ya projekta kwa kishikio chenye skrubu. Usiishike kwa mkono. Ikae karibu kabisa, vioo visigusane, na vitovu vyake viwe kwenye mstari mmoja. Ukiona pembe za picha zimeingia giza, ama lenzi iko mbali mno ama ile ya projekta inatawanya mwanga kwa upana mno. Kama ni ya zumu, ipeleke upande wa kupunguza picha, kisha urudishe projekta nyuma.

Sasa washa taa bila mkanda. Utaona mstatili mweupe kwenye shuka. Zungusha lenzi ya anamofiki taratibu na uangalie kingo zake: ikikaa upande hata kidogo, mstatili unainama, na baadaye milango na nguzo zote za kwenye picha zitainama. Zikisimama wima, kaza skrubu. Jaribio hili linakuokolea mkanda, maana halihitaji hata fremu moja.

Fokasi iko mara mbili. Weka mkanda wenye maandishi, utafute herufi E. Ina mistari mitatu iliyolala na mmoja uliosimama. Iliyolala inasafishwa na lenzi ya projekta, kwa hiyo anza nayo. Uliosimama unasafishwa na pete ya lenzi ya anamofiki. Kama pete ina namba za mita, iweke kwanza kwenye umbali wako wa kweli, halafu umalizie kwa jicho. Rudi kwenye ile ya kwanza, kisha ya pili tena, hadi E yote ikatike vizuri. Anayezungusha moja tu atakesha.

Vumbi letu jekundu la kiangazi ulipeperushe kwa kipulizio kabla ya kitambaa kugusa kioo, na usiipanguse lenzi kwa shati kamwe. Majira ya mvua usiifungie kwenye mfuko wa ngozi: kuvu linaota ndani ya vioo na halitoki kwa kupangusa.

Swali. Marehemu mume wangu alitupiga filamu za Super 8 miaka ya 1970: ubatizo wa watoto, harusi ya mdogo wangu. Mwanangu amepata lenzi ya skopu, anataka kuzionyesha kwa upana siku ya kumbukumbu ya baba yake. Unaonaje?
*Mama wa Kamalondo*

Jibu. Mama, nakuomba umzuie. Lenzi hiyo hufungua kile tu kilichobanwa wakati wa kupiga, na kamera ya mzee haikubana kitu. Nyuso zitatanuka, mabega yatatanuka, na wajukuu ambao hawakumwona babu watamkumbuka kwa sura isiyo yake. Kukata picha juu na chini ili ionekane pana pia sikushauri. Aliyeishika kamera alijipimia vichwa na miguu ya watu wake, tumwachie chaguo lake. Onyesheni kwa umbo lake, funikeni pande za shuka kwa kitambaa cheusi, na picha itajaa vizuri.

Angalieni kasi iwe picha 18 kwa sekunde kama ndivyo alivyopiga. Mkanda mmoja wa mita 15 unaisha kwa dakika 3 na sekunde 20, kwa hiyo iunganisheni kabla ya wageni kufika. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, mkanda huo utengwe na mingine, unakiliwe mapema. Naye kijana, lenzi yake isikae bure: aifunge mbele ya kamera ya Super 8, apige siku hiyo ya kumbukumbu, halafu aifunge mbele ya projekta. Kodak bado inatengeneza filamu hizo.

Swali. Lenzi hizi zinafaa kwa projekta ya video?
*Msomaji, Likasi*

Jibu. Zinafaa, ila 2x ni nyingi mno. Kwa picha ya upana wa 16 kwa kimo cha 9 tafuta ya 1.33x, itakupa upana wa kama 2.37 kwa kimo cha 1. Kifaa chako lazima kiweze kuivuta picha ya skopu juu na chini kwanza, ijaze fremu yote. Kikishindwa, lenzi itanenepesha watu bure.