Monita ya kompyuta na king'amuzi cha HD: picha imekwama wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Mikindani. Kijana wangu mkubwa alipopata kazi Dar es Salaam aliniachia monita ya kompyuta yake, inchi 22, bado nzuri. TV yetu imepasuka kioo, lakini king'amuzi ni kizima na ni cha HD. Nyuma ya monita kuna tundu la bluu la VGA na jingine jeupe la DVI. HDMI, lile tundu bapa la TV za kisasa, haina. Nikauziwa mjini waya wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili. Nimechomeka, kioo cheusi tu. Na sauti sijui ingetokea wapi. Ninunue TV mpya, au hii itafaa?

JIBU: Salama, mama. Usinunue TV kwanza. Kwa maelezo yako sioni dalili kwamba monita ni mbovu. Waya uliouziwa ndio usiofaa, na inaniuma kwa sababu si wewe wa kwanza kuuziwa.

Uzimaji wa mitambo ya analojia ulipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, TV za zamani zilikuwa nzima lakini hazikuweza kupokea matangazo mpaka zipate king'amuzi. Hapo kwako ni jambo lile lile. HDMI inatoa picha kwa dijitali, VGA inapokea kwa analojia, na waya mtupu wa shaba hauwezi kutafsiri kati ya hizo mbili. Lazima katikati kuwe na kifaa chenye saketi ndani yake. Waya wako hauna. Mrudishie muuzaji.

Wewe una bahati ya DVI. Tundu hilo jeupe linapokea picha ya dijitali kwa mfumo ule ule wa HDMI, umbo la kichwa ndilo tofauti. Kwa hiyo hapa waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI unatosha, bila kifaa chochote katikati. Kabla ya kuchomeka, tazama ndani ya tundu kwa tochi. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, na tundu lililokaa miaka bila kutumika hupata kutu ya kijani. Zima kila kitu, chomoa umeme, safisha kwa brashi laini yenye spiriti, acha ikauke.

Sasa tuje kwenye jambo linalowakwamisha watu wengi, hata wenye waya sahihi. Televisheni zetu hurusha picha kwa mwendo wa 50 kwa sekunde, na ving'amuzi vingi vya HD hupangwa kutoa 1080i. Hiyo herufi i maana yake picha inatumwa nusu nusu: kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa. TV ina saketi ya kuunganisha nusu hizo. Monita nyingi hazina, maana kompyuta huzipa picha nzima, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde. Ikipewa isichokijua, monita inakaa kimya au inaandika kwamba ishara imevuka uwezo wake. Mtu anadhani imeungua.

Dawa yake ni kupanga king'amuzi kitoe 720p (herufi p maana yake picha inatumwa nzima, siyo nusu nusu), na kama menyu inakupa kuchagua, 60 badala ya 50. Lakini utapangaje na kioo ni cheusi? Beba king'amuzi na rimoti uende kwa jirani mwenye TV ya HDMI. Chomeka, ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 720p, hifadhi, rudi nyumbani. Baadhi ya rimoti zina kitufe cha kubadilisha kiwango cha picha moja kwa moja, lakini kwa jirani ni uhakika zaidi. Picha ikishatokea kwenye monita yako, hapo unaweza kujaribu 1080p. Ikikataa, 720p haitakupunja sana kwenye inchi 22.

Kikwazo kingine kinaitwa HDCP, kufuli la kuzuia watu kunakili matangazo. King'amuzi huiuliza monita kama inalijua kufuli hilo. Isipojibu, king'amuzi hufunga picha. Monita nyingi za kabla ya 2005 hazilijui, za baadaye zenye DVI nyingi zinalijua. Mwambie kijana wako atafute modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, asome kama HDCP imetajwa. Ikiwa haimo, inabaki njia ya kile kifaa cha kutafsiri HDMI kwenda VGA. Vingine vinakubaliwa na king'amuzi, vingine vinakataliwa, hivyo nenda dukani na king'amuzi chako, ujaribu mbele ya muuzaji ndipo ulipe. Chagua chenye tundu la sauti pembeni na waya wa USB wa kukipa umeme, maana umeme unaotoka kwenye HDMI yenyewe ni mdogo mno na kifaa kinaweza kuwaka na kuzima.

Sauti ni rahisi. Usiitafute kwenye monita. Nyuma ya king'amuzi kuna matundu mekundu na meupe; hayo yanatoa sauti hata picha ikiwa inapita HDMI. Chomeka waya kutoka hapo hadi kwenye sabufa au redio yoyote yenye matundu ya kuingizia sauti. Kama king'amuzi chako kina tundu dogo moja la AV (la sauti na picha pamoja) badala ya matatu, yaani jekundu, jeupe na la njano, tumia waya uliokuja nacho, siyo wa spika za simu, maana mpangilio wa ndani hutofautiana. Ule wa njano uache. Unabeba picha ya kiwango cha kawaida, siyo HD.

Monita nyingi za inchi 22 za miaka ile zina nukta 1680 kwa 1050. HD ya 720p ni nukta 1280 kwa 720, kwa hiyo inaenea yote na kioo kinabaki na nafasi. Ila kioo hicho ni kirefu kidogo kwenda juu kuliko picha ya TV, na monita ikilazimisha kujaza, mpira unakuwa yai na nyuso zinarefuka. Tafuta kwenye menyu ya monita sehemu ya uwiano wa picha. Ukiona mistari miwili myeusi juu na chini, ndivyo inavyotakiwa. Na chaneli isiyo ya HD, yenye nukta 720 kwa 576, itaonekana na ukungu ukikaa karibu. Hilo halina tiba, rudi nyuma hatua mbili.

Mwisho, mahali pa kuiweka. Monita nyingi za bei ya kawaida zilitengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yake. Ukiitazama kutoka chini, rangi zinageuka nyeusi. Ukiitundika juu ukutani kama TV, watoto waliokaa kwenye mkeka hawataona kitu. Iweke kwenye meza fupi, usawa wa macho yao, uiinamishe kidogo kuwaelekea. Wewe na watoto watatu mtatosha. Siku ya Simba na Yanga, majirani wakijaa mpaka mlangoni, wa pembeni wataona vibaya. Kama nyumba yako ni ya kujaza watu hivyo kila wiki, hapo nitakushauri uanze kuweka akiba ya TV. Kwa taarifa ya habari na katuni za watoto, mama, waya mmoja wa HDMI kwenda DVI unakutosha.