Simu moja inatosha kipindi cha michezo
Ticha pole na kazi, umeuliza app gani zinafaa kipindi cha michezo na simu ni hiyo yako tu, watoto sitini. Mi ningeanza na kamera yenyewe kabla hujadaunlodi kitu, weka slomo (video ya mwendo wa polepole), kaa pembeni ya ubao wa kurukia pale kwenye kuruka chini (long jump), rekodi mguu unavyokanyaga halafu muite mtoto aangalie, akijiona ameinamisha kichwa anachungulia ubao anajirekebisha haraka kuliko ukimpigia kelele. Baada ya hapo tafuta app ya bip testi, ile ya kukimbia kwenda na kurudi huku mlio unazidi kuongeza spidi, za bure zipo, ila pima mita 20 kwa tepu sio kwa hatua, unganisha na spika wakimbie kwa makundi wenzao wakiwahesabia. Za kuhesabu hatua achana nazo, zinataka kila mtoto awe na simu. Na video za watoto usirushe kwenye grupu la WhatsApp kabisa, wakishaangalia futa palepale, hata kama UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inakaribia na unataka kubaki na ya mchezaji fulani ongea na mzazi wake kwanza.