Kona ya Safari: Kiswahili tunakijua, wa kututembeza wa nini?

SWALI: Anko shikamoo. Tuko marafiki sita hapa Dar, mwezi wa saba tunataka kupanda Lushoto tutembee kwa miguu mpaka Mtae, sa kila tunayemuuliza anasema lazima mchukue mwenyeji wa kuwatembeza, na bei tuliyotajiwa mi naiona kabisa ni ya Wazungu. Sisi Watanzania jamani, Kiswahili tunakijua na ramani ziko kwenye simu, kwani tukienda wenyewe kuna nini? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barabara ya lami kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini hamhitaji mtu, hata kwenda kuchungulia Mazinde kutoka pale juu Irente mnafika tu kwa kuuliza uliza. Ila Mtae ni habari nyingine, ni safari ya siku tatu nne na njia zake ni za watu wa mashambani, zinapita katikati ya maharage, zinakatiza uani kwa mtu kabisa, kuna mama kaanika mahindi kwenye turubai na nyie sita mnatokea na mabegi mgongoni na simu juu mnapiga picha. Hapo Kiswahili hakiwasaidii kitu maana swali lake sio mnasema lugha gani, swali lake ni nyie kina nani, madalali wa ardhi au?

Mwenyeji akiwepo mambo yanakuwa tofauti. Anasimama, anasalimia kwa Kishambaa, anauliza hali ya mgonjwa, wanaongea ya kwao weee mpaka mnachoka kusubiri, halafu mara mnaambiwa kaeni, mnakatiwa miwa. Na mkilala kijijini yeye ndo anawapitisha kwa mwenyekiti, anajua Rangwi masista wanapokea wageni, na chakula kinapikwa kwa sababu alipiga simu jana yake (msitegemee kufika saa moja usiku mkute wali, huko watu wanalala mapema na kuna baridi, bebeni sweta la maana sio kale ka Dar). Na hiyo ramani yenu, ukungu ukishuka na mtandao ukapotea bondeni mtaiangalia tu.

Sasa bei. Hapo nakuelewa kabisa, wapo wanaopiga bei moja kwa kila mwenye begi. Usibishane jumla, mwambie akuchambulie: yake yeye kwa siku ngapi, ya kijiji ngapi, malazi, chakula, kiingilio cha msitu. Msitu wa Magamba uko chini ya TFS, wale Wakala wa Misitu wa serikali, na mwananchi halipi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho chake cha NIDA. Akishindwa kuchambua, au akasema ya kijiji nipe mimi ntafikisha na hana risiti wala kitambulisho cha kazi, achana naye, hasa hawa wanaokudaka ukishuka tu basi Mombo. Huu utalii wa utamaduni ulianza miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, baadaye Bodi ya Utalii ikaendelea nao, na wazo lilikuwa kijiji kipate chochote, sio mtu mmoja wa stendi. Mkigawana sita mbona haitawauma.

SWALI: Hujambo kaka. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, nitakuwa Karatu na nataka kuwaona Wahadzabe, wale wanaoishi kwa kuwinda kule Ziwa Eyasi, lakini rafiki yangu ameniambia siku hizi ni maigizo ya watalii tu. Ni kweli?

JIBU: Sijambo kaka, karibu Tanzania. Nusu nusu. Kambi zilizo karibu na njia ya magari zimezoea wageni sana, utarushiwa mshale kwenye shabaha, mtacheza ngoma, basi. Lakini uwindaji wenyewe upo bado, ila lazima ulale Mang'ola na mtoke kabla jua halijachomoza, na uwe tayari kukimbizana na vijana na mbwa wao vichakani halafu mrudi na kindege kimoja au mikono mitupu. Chukua mwongozaji wa pale pale Mang'ola anayejua lugha yao, dereva wako wa Karatu atakutafsiria anavyojisikia. Hela usimgawie mtu mmoja mmoja kambini na pombe usibebe kabisa, hizo ndo zimewaharibia watu nyumba zao, lipa pale ofisi ya utalii wa utamaduni Mang'ola uchukue risiti. Ukimaliza pitia kwa wahunzi wa Kidatoga wanaoyeyusha makufuli mabovu wakatengeneza bangili, hapo nunua bila wasiwasi. Vitunguu sikuambii, Wakenya wenzako wanavifuata Mang'ola na malori.