Nianze na nini kwenye kompyuta?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemaliza kidato cha sita hapa Masasi, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Natamani kufanya utafiti wa kompyuta kama wewe. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hesabu usiziache, hasa matriki, yaani majedwali ya namba. Kwenye uzamili wangu naifundisha kompyuta kutambua ugonjwa wa ubwiriunga kwa picha za mikorosho. Ukungu huo mweupe hushambulia majani machanga na maua, kwa hiyo picha tunapiga msimu wa kuchanua, juani na kivulini. Kupata picha nzuri kunanichosha kuliko programu yenyewe! Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu; ni ya bure. Ukifika Mtwara, watafiti wa korosho wako Naliendele. Likizo nacheza bao na wazee wa Newala. Nataka kuliandikia programu.