Soya, bakteria na udongo wa shaba Lubumbashi

Mama, umeuliza kama soya iliyopakwa bakteria wa mizizi itasafisha shamba lako la karibu na bomba kubwa la moshi, pale kiwanda kilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Hapana, haitasafisha. Bakteria hao huupa mmea naitrojeni ya hewani, na baadhi yao husaidia mizizi kuvumilia metali, lakini shaba na kobalti haziozi wala hazitoweki. Hubaki udongoni au hupanda ndani ya mmea.

Ung'oe mche mmoja unapoanza kutoa maua, suuza mizizi taratibu, kisha upasue kwa ukucha kinundu kimoja, yaani uvimbe mdogo wa mizizini wanamoishi bakteria hao. Kikiwa chekundu ndani, kama nyama mbichi, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, au usipoona vinundu kabisa, huenda sumu ya metali au uchachu wa udongo umewashinda. Ndiyo maana ningeanza na chokaa na mboji nyingi kabla ya kununua bakteria, kwa sababu chokaa hupunguza uchachu na kuifanya shaba isifyonzwe kwa urahisi na mizizi. Mbegu zipakwe kivulini na kupandwa siku hiyohiyo, kwani jua huwaua bakteria.

Kuhusu chakula, nakuomba sana usiwape watoto majani ya kunde wala lengalenga (mchicha) za hapo kabla udongo haujapimwa maabara, kwani majani kwa kawaida hubeba metali nyingi kuliko mbegu, na vumbi huongeza nyingine juu yake.