Fizi za Mbwa Wako Zina Rangi Gani?

Mbwa wa kwanza niliyemfuga nikiwa na nyumba yangu mwenyewe, niliyemwita Simba kwa sababu ya manyoya yake ya rangi ya mchanga, alikufa akiwa na umri wa miaka minne kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kwa siku tatu niliona kwamba anaacha chakula nusu na kwamba analala kuliko alivyozoea, nikajiambia kuwa ni joto. Daktari wa mifugo alipoinua mdomo wake wa juu, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Aliniuliza fizi hizo huwa na rangi gani mbwa anapokuwa mzima, nami sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemlisha, nimemwogesha na kucheza naye kwa miaka minne, lakini sikuwahi hata mara moja kumtazama ndani ya mdomo.

Tangu siku ile nimefuga mbwa wengine wawili, na yote nitakayoyaeleza hapa yanatokana na swali lile la daktari. Mbwa huvumilia maumivu kimya kimya, mara nyingi akiendelea kutikisa mkia na kumpokea bwana wake mlangoni huku ugonjwa umekwisha kumwingia. Dalili za mwanzo huwa ndogo sana, na anayeweza kuziona ni yule tu anayeujua mwili wa mbwa wake ulivyo katika siku ya kawaida.

Kwa hiyo kila jioni, mbwa akishakula na kutulia, mimi huketi naye sakafuni kwa muda usiozidi dakika tano na kupitisha mikono mwilini mwake kuanzia kichwani hadi mkiani. Huanza na fizi, ambazo kwa mbwa wengi wenye afya huwa na rangi ya waridi. Mwenye mabaka meusi ya asili hutazamwa mahali pasipo na weusi, au upande wa ndani wa kope la chini. Nikibonyeza ufizi kwa kidole na kuachia, sehemu iliyogeuka nyeupe inapaswa kurudisha rangi yake ndani ya sekunde mbili hivi. Huinusa kila sikio, kwa sababu sikio lenye maambukizi hutoa harufu nzito kabla hata mbwa hajaanza kulikuna. Hutenganisha vidole vya miguu, hutazama chini ya mkia, hupapasa tumbo na chuchu. Akilala, huhesabu pumzi zake mara moja moja: mbwa aliyepumzika kwa kawaida huvuta pumzi chini ya mara 30 kwa dakika, na hesabu inayopanda siku baada ya siku ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari. Watu wengi hutegemea pua, wakiamini kwamba pua baridi na yenye majimaji ni ishara ya uzima, lakini pua hubadilika kwa hali ya hewa na kwa usingizi tu. Kinachoaminika ni kipimajoto, kinachopakwa mafuta na kuingizwa taratibu kwenye njia ya haja kubwa, nacho kwa mbwa mzima husoma takriban nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, kiasi ambacho kwa binadamu kingeitwa homa.

Kupe ndio walioniulia Simba, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Hupenda mahali penye ngozi laini na pasipofikiwa na meno ya mbwa: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia, na hasa chini ya mkanda wa shingoni, ambako nilimkuta kupe mkubwa kuliko wote niliowahi kumwona, amevimba na kuwa wa kijivu, huku mbwa hana habari. Wa namna hiyo hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mahali mdomo wake ulipozama, na kuvutwa moja kwa moja bila haraka na bila kuzungushwa. Asipakwe mafuta, asichomwe kwa kiberiti, wala asipasuliwe kwa kucha, kwa sababu kumsumbua akiwa bado amejishikiza humfanya atoe mate zaidi ndani ya jeraha, na vimelea vya ugonjwa husafiri kwa mate hayo. Vimelea vingi vya magonjwa ya kupe huhitaji saa kadhaa tangu kupe aanze kunyonya hadi viingie kwenye damu, na hapo ndipo ukaguzi wa kila siku unapookoa maisha.

Hata hivyo, kuwatoa kupe mwilini bila kushughulikia mahali mbwa anapolala ni kuchota maji kwa pakacha. Jike la kupe wa mbwa akishashiba huanguka, hutafuta ufa ukutani au chini ya banda, na huko hutaga maelfu ya mayai. Banda na matandiko ni lazima visafishwe siku ileile mbwa anapopewa dawa, na dawa yenyewe itolewe kwa kufuata uzito wake. Nimewaona watu wakimpaka mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo, na matokeo yake ni kutetemeka, kutoka mate na wakati mwingine kifo. Mwenye paka nyumbani aongeze tahadhari: dawa nyingi za kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa zina pemethrini, sumu ya kuua wadudu ambayo mbwa huistahimili ilhali humuua paka.

Chanjo ina jambo moja ambalo halielezwi vya kutosha, nalo ni sababu ya kurudiwa. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya muda kutoka katika maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo, wakati bado ina nguvu, huizuia chanjo isifanye kazi. Hupungua kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita, kwa kila mtoto kwa wakati wake, na hakuna awezaye kuiona kwa macho. Ndiyo maana chanjo za parvo, ugonjwa wa virusi unaoleta kuhara damu, na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa, huanza katika wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mtoto afikishe wiki kumi na sita. Anayeishia kwenye chanjo ya kwanza kwa kudhani kwamba amemaliza anamwacha mtoto wake wazi katika umri uleule ambao parvo huua zaidi. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na huingia nyumbani kwa soli ya kiatu. Kwa hiyo nyumba iliyompoteza mtoto wa mbwa kwa kuhara damu isilete mwingine ambaye hajakamilisha chanjo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, hurudiwa mwaka unaofuata, kisha kwa ratiba ya daktari na sheria ya mahali. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na sehemu kubwa kabisa ya watu wanaoambukizwa duniani huambukizwa na mbwa. Aliyeumwa na mbwa asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.

Minyoo inahitaji maneno machache. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo, hivyo dawa huanza wakiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili hadi waachapo kunyonya, kisha kila mwezi hadi umri wa miezi sita, na baadaye mara nne kwa mwaka. Kinyesi kiondolewe uani kila siku, kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo huweza kuwaingia watoto wa watu wanaochezea mchanga.

Kuhusu chakula, kosa linalofanywa kwa upendo ni kulisha kupita kiasi. Mbwa mkubwa hutosheka kwa milo miwili kwa siku, na mtoto huhitaji mitatu au minne, kwa kipimo cha kikombe kilekile na si kwa kukadiria kwa jicho. Kipimo cha unene kiko mikononi: ukipitisha viganja ubavuni, uzihisi mbavu chini ya ngozi bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu, uone kiuno. Mbavu zikitafutwa bila kupatikana, chakula kimezidi. Anayetaka kubadilisha chakula abadilishe kwa muda wa wiki nzima, akichanganya kipya na cha zamani, kwa sababu tumbo la mbwa halipendi kushtukizwa. Chokoleti, vitunguu vya kila aina, zabibu mbichi na kavu, pamoja na chochote chenye zailitoli, utamu unaotiwa kwenye ubani wa kutafuna na peremende zisizo na sukari, ni sumu kwake. Dawa za maumivu za binadamu, zikiwamo parasetamoli na ibuprofeni, zisitolewe kabisa bila neno la daktari wa mifugo.

Mifupa iliyopikwa niliiamini kwa muda mrefu, mpaka jioni moja Tausi, mbwa wangu wa pili, alipoanza kujikuna mdomo kwa miguu yote miwili ya mbele huku akitiririsha mate na kurudi nyuma kana kwamba anakimbia uso wake mwenyewe. Nilipofanikiwa kumfungua mdomo, nilikuta kipande cha mfupa kimekwama kwenye paa la kinywa, kimelala kutoka gego la upande mmoja hadi la upande mwingine kama boriti. Kilitoka kwa kusukumwa nyuma kidogo kwa mpini wa kijiko, na ncha zake zilikuwa kali kama sindano. Nilikitazama kiganjani nikafikiri kipande kama hicho kingefanya nini kama kingefika kwenye utumbo, na tangu hapo hakuna mfupa uliopita motoni unaoingia katika bakuli lake.

Tabia za nyumbani ni sehemu ya afya, ingawa wengi huzitenganisha. Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea wakati huohuo, hivyo kumchapa kwa haja aliyoifanya saa mbili zilizopita humfundisha kuogopa mkono wako tu. Mtoto wa mbwa atolewe nje mara tu anapoamka, baada ya kula na baada ya kucheza, apelekwe mahali palepale, asifiwe na kupewa kitu kidogo kitamu akimaliza. Kwa njia hiyo Tausi alielewa ndani ya wiki tatu. Usiku nilikuwa nikiamka mara mbili, na ninaamini hakuna njia ya mkato.

Kunguruma ndiko kunakoeleweka vibaya kuliko yote. Mbwa anayenguruma juu ya bakuli anasema kwamba ana hofu ya kunyang'anywa, na akiadhibiwa kwa kusema hivyo atajifunza kunyamaza, kisha siku moja atauma bila onyo. Tausi alifika kwangu na tabia hiyo. Kwa majuma kadhaa nilipita mbali na bakuli lake na kudondosha kipande cha nyama bila kusimama, nikisogea hatua moja karibu kila baada ya siku chache, hadi nilipoona kwamba akisikia nyayo zangu anainua kichwa na kutikisa mkia badala ya kukaza mwili. Watoto, hata hivyo, wasimkaribie mbwa yeyote anapokula, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, awe mpole kiasi gani.

Kuhusu mnyororo nina msimamo usioyumba. Mbwa anayefungwa kutwa hubweka kwa kuchoka, huchimba, na hugeuka mkali kwa kila kinachosogea, kisha husemwa kuwa ana tabia mbaya. Mpe uwanja ulio na uzio, matembezi kila siku na nafasi ya kunusa atakavyo, kwa maana kunusa humchosha akili kwa namna iliyo njema. Mchana wa jua kali asitembezwe. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na lami iliyopata joto huunguza nyayo zake. Weka kiganja chako chini kwa sekunde saba, na kama wewe huwezi, naye hawezi.

Mwezi uliopita, katika ukaguzi wa jioni, vidole vyangu viligusa karibu na chuchu ya mwisho ya Tausi kitu kigumu kama kokoto ndogo ambacho jana yake hakikuwapo, au nilikuwa sijakihisi. Ana miaka tisa, na alifungwa kizazi akiwa amekwisha kupata joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara kadhaa. Majike wanaofanyiwa hivyo kabla ya joto la kwanza hupata uvimbe wa matiti kwa nadra sana, na laiti ningelijua hilo mapema. Nilimpeleka kesho yake asubuhi, uvimbe ukaondolewa ukiwa bado mdogo, na daktari akaniambia kwamba ulikuwa haujapenya kwenye nyama iliyo chini yake. Nyuzi zilitolewa wiki hii. Leo jioni aliketi mwenyewe mbele yangu kabla sijamwita, akanyanyua pua, nami nikainua mdomo wake wa juu na kubonyeza ufizi, na rangi ya waridi ikarudi kabla sijamaliza kuhesabu mbili.